Gramu kwa Gramu

Kila asubuhi, kabla ya kusema neno na Mungu wala na mkewe Nthoki, Mutie Mulwa alitazama kwenye simu bei ya fedha, ile ya pete na bangili. Aliitazama chooni, mlango ukiwa na komeo, kwa sababu Nthoki alikuwa amempiga marufuku kuitazama mezani. Ikiwa imepanda, na mwaka huo mzima kazi yake ilikuwa ni kupanda tu, alikaa mle ndani mpaka mpangaji mwenzake agonge mlango kwa hasira. Ikiwa imeshuka hata kidogo, alitoka akipiga mluzi, akanywa chai vikombe viwili, akamwambia mkewe, "Si nilikuambia? Hii ni kware. Ni kware tu, imevaa suti."

Nairobi nani asiyejua habari za kware? Lakini kwa aliyebahatika kuwa mbali, ielezwe kwa ufupi. Kulikuwa na mwaka ambapo watu waliambiana kwamba mayai ya kware yanatibu kisukari, presha, pumu na hata uvivu wa waume za watu, na yai moja lisilofika ukubwa wa kidole gumba likauzwa hadi shilingi mia. Mutie alitoa akiba yote ya nyumba, akanunua kware, akawajengea vizimba nyuma ya ekstenshoni, vyumba vya nyongeza alivyopanga Buruburu. Kware wakataga bila kinyongo. Bahati mbaya, kware wa jiji zima nao walikuwa wakitaga, na ilipofika Pasaka hakuna aliyetaka yai la kware hata la kupewa. Familia ilikula kware mchana na usiku, mpaka binti yao Clare, wakati huo akiwa shule ya msingi, akawa analia akiona sufuria. Vizimba viko pale hadi leo. Nthoki huwekea makaa na vitunguu, na hakuvibomoa makusudi, ili mume wake avione kila anapokwenda kuanika nguo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu mwaka huo, kitu chochote kilichopanda bei upesi, machoni pa Mutie kilikuwa na manyoya na kilitaga mayai. Angekuwa muuza viatu, ugonjwa huo usingemdhuru. Lakini Mutie alikuwa fundi wa fedha.

Kibanda chake kilikuwa soko la Kariokor, kimebanwa kati ya mshona makubadhi ya tairi na mama mmoja wa shanga. Baba yake alikuwa mchonga vinyago kutoka Wamunyu aliyehamia kwenye kazi ya fedha, au silva kama wanavyoiita sokoni, na alichomwachia mwanawe ni kibanda hicho, tupa tano, nyundo ndogo mbili na meza nene ya mvule aliyoichonga mwenyewe. Meza ile haikuwahi kupigwa maji hata siku moja. Mzee alikataza. Kila unapopiga tupa pete, alisema, fedha kidogo hukukimbia, na inakokimbilia ni kwenye nyufa za meza. Chini yake kulikuwa na ngozi ya ng'ombe iliyotundikwa kama machela ili kukinga chenga, na kila mwisho wa mwaka walikung'uta ngozi hiyo, wakafagia sakafu, wakayeyusha mavumbi, wakapata cha kununulia mbuzi wa Krismasi. Siku hizi kazi hiyo ilifanywa na Clare, ambaye aliacha chuo cha uhasibu kwa hiari yake akaja kukaa upande wa pili wa meza. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa baba yake. Mutie aliwaambia wateja hivyo akiwa na fahari, kisha akanuna kidogo.

Sasa njoo tuangalie mtego, kwa maana Mutie aliuingia kwa miguu yake, mchana kweupe, akicheka.

Mwezi wa Januari wa mwaka huohuo wa bei kupanda, kanisa lao lilitangaza harusi ya pamoja. Watu waliokuwa wameishi pamoja miaka na mikaka bila cheti wangefungishwa ndoa siku moja, na pete zote zikaagizwa kwa Mutie. Fedha ya kuzifanyia hakuwa nayo. Akaenda Eastleigh kwa Ruqiyo, mjane aliyeuza vitambaa na udi, ambaye alimfahamu tangu enzi za baba yake. Ruqiyo hakuwa na imani na benki. Alichovuna dukani alikigeuza fedha na kuiweka, na fundi aliyeishiwa aliweza kumkopa. Lakini hakukopesha pesa, na riba hakutaka hata kuisikia ikitajwa dukani mwake. Alikukopesha fedha yenyewe, kwa mizani, ukamrudishia fedha, kwa mizani. Gramu kwa gramu. Ukichukua kilo, unarudisha kilo, hata kama miaka imepita, bila kuongeza hata uzito wa ukucha.

Mutie akachukua kilo. Akatengeneza pete, na fedha iliyobaki akafanya misalaba na bangili, akauza zote. Kufikia Juni alikuwa na pesa za kutosha kununua kilo ile na kubakiza faida nzuri. Akazifungia kwenye simu, akaenda Biashara Street kununua, akakuta bei imepanda kiasi. Kiasi tu. Mtu mwingine angenung'unika, akanunua, akalala. Mutie aliona manyoya.

"Nitangoja ishuke," alijiambia. "Mwezi mmoja tu."

Mwezi ulipoisha, pesa zilezile zilinunua kilo tupu, faida imekwisha. Kufika Oktoba zilinunua robo tatu tu. Yeye alikuwa amekaa tu, hajanywa pombe, hajahonga mwanamke, hajacheza kamari, na deni lisilo na riba lilikuwa likinenepa usiku na mchana. Kununua sasa kulikuwa ni kukiri kwamba alikuwa mjinga mwezi uliopita. Kwa hiyo hakununua, na mwezi uliofuata alikuwa mjinga zaidi. Hakumwambia Nthoki, kwa sababu ya vile vizimba. Hakumwambia Clare, kwa sababu ya ile fahari.

Mtu pekee aliyejadiliana naye habari za bei, bila kujua kilichokuwa nyuma yake, alikuwa Wanyonyi, mwenye nyumba, mtu wa Bungoma mwenye sauti ya kwaya na kazi ya kufunga paneli za sola. Jumapili baada ya ibada walikaa uani wakabishana mpaka chai ikapoa.

"Wewe Mutie sikia," Wanyonyi alisema. "Kila paneli napandisha kwa paa ya mtu iko na silva ndani. Kidogo, lakini iko. Sasa hesabu mapaa ya dunia. Hesabu magari ya stima. Hesabu hizi simu. Silva inaliwa, ndugu yangu, na migodi haiwezi kuchimba kama vile watu wanakula. Hiyo bei haitarudi chini, labda ile siku jua litakataa kutoka."

"Na kware hawakuliwa?"

"Kware wanazaa! Silva inazaa?"

"Wanyonyi, wanaonunua sasa hawajui hata harufu yake ikiyeyuka. Wananunua kwa simu, wakiwa kitandani. Juzi mama wa mahamri hapo steji ameniuliza kama anaweza kuweka pesa ya chama kwa silva. Mama wa mahamri! Nikimwona huyo anaingia, mimi najua mlango wa kutokea umeanza kufungwa."

Wanyonyi alicheka mpaka akakohoa, akasema hoja hiyo nayo ina uzito. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, na ule wa Mutie haukuwa mdogo. Shida ni kwamba ukweli wa Wanyonyi ulikuwa unalipa kila asubuhi, na wa Mutie ulikuwa haujalipa hata siku moja.

Ruqiyo alikuja Kariokor mwenyewe katikati ya Januari ya mwaka mpya, akitembea polepole kwa fimbo, akakalia kigoda cha wateja. Clare alikuwa mezani akipiga bangili msasa. Mutie alipoona baibui ile ikipinda kona ya wauza makubadhi alijitia kutafuta tupa chini ya meza.

"Fundi, habari ya nyumbani? Nthoki mzima?"

"Wazima, Mama. Karibu. Clare, muitishie Mama chai."

"Chai baadaye. Nimekuja na furaha, nikaona simu haitoshi." Akaweka fimbo magotini. "Mwaka huu nakwenda Hija."

Mutie alisema pongezi zote alizozijua. Ruqiyo akaeleza kwamba amekuwa akiweka pesa kwa miaka, na kila mwaka nauli inamzidi mbio. Lakini sasa fedha imepanda mara tatu na zaidi. Akiuza akiba yake, pamoja na ile kilo iliyoko kwa fundi, inatosha, na inabaki ya kununulia zawadi. Wakala wa safari anataka malipo yote kabla ya mwisho wa mwezi.

"Na lazima niuze haraka," alisema akishusha sauti, kana kwamba bei ilikuwa imeketi karibu. "Bei hii si ya kukaa. Hata mtoto anaona. Itaanguka tu."

Kwa muda wa miezi saba Mutie alikuwa akitafuta mtu wa kukubaliana naye. Alikuwa amempata.

"Haya magoti," Ruqiyo akaendelea, akiyapapasa juu ya baibui, "daktari ananiambia mwaka ujao nitaenda nikisukumwa kwa kiti. Nataka nizunguke kwa miguu yangu, fundi. Hilo tu. Utaniletea lini?"

"Wiki ijayo," Mutie akasema. "Wiki ijayo, Mama, bila wasiwasi."

Ruqiyo alipokwisha kuondoka, Clare aliuweka msasa chini.

"Baba. Kilo gani?"

"Mambo ya wazee."

"Baba, tuko na silva ya kutengeneza hereni tatu. Kilo gani?"

Mutie akachukua nyundo akaanza kugonga kitu ambacho hakikuhitaji kugongwa. Clare alimtazama mpaka akachoka, akarudi kwenye bangili yake.

Tangu hapo Mutie hakuwa na mahali pa kukaa. Nyumbani kulikuwa na vizimba. Kibandani kulikuwa na macho ya Clare. Chooni kulikuwa na bei. Alikosa hamu ya ugali, akawa anaamka kabla ya jogoo wa Wanyonyi, akitoka jasho. Pesa alizokuwa nazo kwenye simu sasa hazikununua hata theluthi ya kilo, na kila siku aliyongoja zilipungukiwa, lakini kununua leo na kesho ikaanguka, hilo hasa ndilo lililomtisha kuliko yote. Ingekuwa ni kware mara ya pili, na safari hii angekuwa amewanunua huku akijua ni kware.

Kanisani aliomba. Alikuwa ameomba tangu Julai: Bwana, ishushe. Sasa ombi lilikuwa limepata pembe, kwa maana alipolitamka aliona magoti ya Ruqiyo. Ikishuka, yeye anapona na mama wa watu anabaki Eastleigh. Basi akalitengeneza upya, kama mtu anayerekebisha pete iliyobana. Bwana, ishushe siku moja tu, ninunue. Kisha uipandishe tena, auze. Hata yeye alijua kwamba hilo si ombi la kumpelekea mtu mzima, seuze Mungu. Lakini aliliomba, macho ameyafumba, wakati wa sadaka, na wakati wa kusalimiana kwa amani alikuwa bado analiomba.

Haikushuka. Wiki ya kwanza alimpigia Ruqiyo akasema ana homa. Wiki ya pili alisema mtu wa Biashara Street amesafiri. Ruqiyo akasema Mungu amponye, akasema Mungu amrudishe salama, na Jumatano akapiga simu mwenyewe. Sauti yake haikuwa imebadilika.

"Fundi, wakala anasema Jumatatu ndiyo mwisho. Usinisahau."

Mutie alikata simu akakuta Clare amesimama mbele yake, mikono kiunoni, sura yote ya mama yake.

"Sasa utaniambia," Clare akasema. "Ama nimwite Mathe hapa?"

Akamwambia. Alimwambia yote, ameinama, akiongea na meza. Alitazamia kelele. Clare hakupiga kelele. Aliuliza ana pesa ngapi, akauliza bei ya leo, akapiga hesabu kwa vidole.

"Nina ile doo yangu, akiba niliyoweka ya mashine ya kusubu."

"Hapana, Clare. Hiyo ni yako."

"Haitoshi pia. Tukiunganisha na yako bado tunapungukiwa." Akapitisha kiganja juu ya meza, taratibu, akifuata ufa mmoja mrefu. "Babu alisema silva inakimbilia wapi?"

Mutie alielewa. "Hapana," akasema tena, lakini safari hii alisema kama mtu anayeomba.

"Miaka karibu hamsini, Baba. Hii meza haijawahi kuoshwa. Iko na silva kutushinda."

"Ni meza ya baba yangu."

"Na kilo ni ya nani?"

Alhamisi asubuhi waliitoa. Mshona makubadhi akawasaidia kuibeba, akiuliza kama wanahama, na hakuna aliyemjibu. Waliipeleka kwenye yadi ya mchomeleaji mmoja upande wa pili wa barabara, mwenye pipa lililokatwa nusu, wakaipasua kwa shoka. Mvule mkavu haukubali upesi. Clare ndiye aliyepiga shoka, kwa sababu Mutie alipiga mara moja akalia, hadharani, kamasi na machozi, mbele ya vijana wa gereji, wala hakujali. Wakachoma mbao, ngozi ya chenga, mikeka ya sakafuni na aproni mbili za zamani za mzee. Moshi wake ulikuwa mweusi na ulinukia ng'ombe. Majivu wakayachekecha, wakayayeyusha kidogo kidogo kwenye chungu, na kila chungu kilipopinduliwa, chini yake kulikuwa na kitufe cheupe kinachong'aa.

Ilitoka nyingi kuliko alivyodhani Mutie na kidogo kuliko walivyohitaji. Kilichopungua kingenunuliwa kwa pesa zake zote na akiba ya Clare, na zingetosha, kwa shida. Duka la Biashara Street lilikuwa limekwisha kufunga. Wangenunua Ijumaa asubuhi na mapema, na Mutie angevuka hadi Eastleigh moja kwa moja, kabla Burale, mnunuzi wa fedha wa mtaa ule ambaye Ruqiyo angemuuzia, hajafunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Burale akishafunga Ijumaa hafungui tena mpaka Jumamosi.

Ijumaa Mutie aliingia chooni kama kawaida yake, akatazama bei. Ilikuwa imeyumba.

Haikuwa imeanguka, imeyumba tu, kama mlevi anayetafuta mlango. Lakini kwa miezi saba hakuwa ameiona ikifanya hivyo. Alitazama tena. Walipofika mlangoni pa duka alitazama tena, ikawa imepungua kidogo zaidi, na damu ikaanza kumwenda mbio.

"Baba, ingia," Clare akasema.

"Ngoja kidogo."

"Ngoja nini?"

"Inashuka, Clare. Tazama. Nusu saa tu. Ikishuka hivi, hata pesa yako sitaigusa yote."

"Baba, nunua!"

"Nusu saa, mwanangu."

Wakasimama kwenye baraza, watu wakiwapita na mifuko ya vitambaa. Nusu saa ikaisha, bei ikapanda kidogo, Mutie akangoja irudi. Ikarudi, akangoja iongeze. Clare alikuwa amemgeuzia mgongo. Hatimaye alimpokonya simu, akaingia dukani, akanunua mwenyewe, kwa bei ambayo haikuwa na tofauti ya maana na ile waliyoikuta. Mutie alitwaa mfuko akakimbia, kwa mwendo wa mtu wa umri wake.

Alifika Eastleigh mwadhini akiita. Ruqiyo alikuwa anafunga duka. Alipouona mfuko alimshika Mutie mikono yote miwili akamshukuru, yeye mwenye kudai. Mutie alisisitiza wapime, naye akapima ili kumridhisha. Kilo kamili.

"Burale?" Mutie akauliza, akihema.

"Amefunga, sasa hivi tu. Si kitu. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwake kabla ya ufunguo wake."

Mutie alirudi Buruburu kwa miguu, kwa kuwa nauli hakuwa nayo, na njia nzima alihisi mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la simiti. Alimweleza Nthoki yote. Nthoki akasikiliza, akaenda uani, akasimama mbele ya vizimba, akarudi akampakulia githeri, na kwa Nthoki huo ulikuwa msamaha mkubwa.

Jioni Wanyonyi alikuja mbio, simu mkononi.

"Mutie! Mutie, umeona? Silva imekufa! Imeanguka theluthi nzima, mara moja, kama embe! Ndugu yangu, wewe ni nabii!"

Mutie alisimama. Alisimama na mikono ikapaa yenyewe juu, akasema, "Si nilisema? Si nilisema ni kware?" Kwa pumzi moja nzima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani. Alikuwa sahihi. Miezi saba, wote walimcheka, na alikuwa sahihi.

Kisha akamwona Clare ameketi mlangoni, anamtazama, na mikono ikashuka.

"Lakini hata ikiwa imekufa," Wanyonyi akaendelea, kwa kuwa hakujua, "bado ni zaidi ya mara mbili ya bei ya mwaka jana Januari. Kware gani huyo anakufa na bado anakupita urefu? Labda sisi wote tulikuwa sawa, eh? Mutie? Kwani nini?"

Usiku ule Mutie hakulala, na Jumamosi alikuwa Eastleigh mapema, lakini si mapema kumshinda Ruqiyo. Alimkuta dukani, ameketi katikati ya majora ya vitambaa, mfuko wa fedha juu ya kaunta, haujafunguliwa. Fimbo ilikuwa imeanguka sakafuni, naye hakuwa ameiokota. Mutie akaiokota.

"Burale anasema nani adake kisu kinachoanguka," Ruqiyo akasema. "Kisha akanitajia bei. Niliuza zile nyingine mapema, hizo ziko salama. Hii kilo ndiyo ilikuwa ya kujazia."

"Haitoshi?"

"Haitoshi."

"Wakala hawezi kungoja?"

"Nimemwambia haitatimia hata Jumatatu, akampa nafasi mtu mwingine. Nimetoka kuongea naye." Akauelekeza mkono kwenye kigoda. "Kaa, fundi. Clare hajambo? Nimesikia mmechoma meza ya marehemu. Haikufaa mchome. Ungeniambia tu."

Angemwambia tu. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Mutie alikaa, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Mama, mimi ndiye niliyechelewesha. Sikuwa na homa. Na jana nilisimama nje ya duka, nikingoja ishuke zaidi, mpaka Burale akafunga. Na kila Jumapili," akaegemeza ile fimbo kwenye kaunta, "kila Jumapili nilikuwa naomba ishuke. Kanisani. Nilimwomba Mungu."

Ruqiyo akainua uso.

"Hata baada ya mimi kukuambia habari za Hija?"

"Hata baada ya hapo."

Nje mtu wa rukwama alikuwa akinadi maji. Ruqiyo aliyapapasa magoti yake, moja baada ya lingine, kama anavyopapaswa mtoto anayelia.

"Mimi nilikuwa naomba isimame," akasema. "Isimame tu, mpaka nifike kwa Burale. Kila sala." Akatikisa kichwa taratibu. "Basi wewe ndiye uliyesikilizwa, fundi."

Hakusema kwa hasira, wala kwa kejeli. Alisema kama anavyosema mtu aliyelitafakari jambo akaona ndivyo lilivyo, na hilo ndilo lililomfunga Mutie pale kwenye kigoda. Angemtukana, Mutie angepata mlango wa kutokea. Ruqiyo akamwita msichana wa dukani, akaagiza chai ya maziwa yenye hiliki, vikombe viwili, na ilipokuja ikambidi Mutie aipokee kwa mikono miwili, aseme ahsante, ainywe.